Sura ya Saba: Taarifa Kutoka Kwenye Ini

Mwanzoni mwa mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 40 vya afya ya msingi vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo hivyo vilipewa tableti yenye programu ya kumwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapompima mtoto mgonjwa, pamoja na vipimo vichache vya haraka. Kimojawapo kilikuwa cha protini ya damu iitwayo CRP: tone la damu ya kidole, subira ya dakika chache, jibu likasomwa mezani palepale. Kwenye vituo vyenye programu, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23. Kwenye vile vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, walikuwa asilimia 70.

Msomaji atauliza watoto wenye kikohozi wanahusiana vipi na sura ya sonona. Kinachowaunganisha ni hicho kipimo. Protini ileile inayomsaidia mhudumu kuamua kama kikohozi kinastahili amoksilini imekuwa ikifuatiliwa kwa zaidi ya miaka thelathini na madaktari wa akili wa Ulaya na Marekani. Wameikuta imepanda kwa baadhi ya watu wazima wasio na kikohozi, wala jipu, wala homa, watu ambao shida yao ni kwamba dunia imewachosha. Wakaanza kujiuliza kama kilichopanda kwenye damu ndicho kinacholemea moyo.

CRP iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Hutengenezwa na ini. Mwili ukivamiwa au ukijeruhiwa, chembe za kinga hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Mojawapo, intaleukini-6, ikifika kwenye ini, ini huanza kumwaga CRP kwenye damu. Ndani ya saa chache kiwango hupanda, na kwa maambukizi makali huweza kuongezeka zaidi ya mara mia. Chanzo kikiondoka hushuka upesi, kwa kuwa nusu ya protini hiyo hutoweka kila baada ya saa 19 hivi.

Mchakato wote huo, tangu chembe za kinga zilipoamka hadi ini kujibu, ndio mchochota. Mwiba ukikuchoma unauona kwa macho: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Upo pia mchochota wa chinichini, usioonekana popote, unaoweza kukaa mwilini miezi na miaka. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na CRP iliyo chini ya miligramu 3 kwa lita. Mwenye nimonia ya bakteria anaweza kufika 100 na kupita. Mwenye sonona, endapo yake imepanda, aghalabu huwa kati ya 3 na 10. Msomaji azishike tarakimu hizo, zitahitajika mbele.

Swali la mchochota na sonona nitalitazama kutoka Magomeni, na Magomeni ninayoizungumzia hapa si ile ya Dar es Salaam. Hii ni kata ya Kilosa, mji wa reli ya kati kwenye bonde la mto Mkondoa, wilaya ya mashamba ya mkonge, mahindi na mpunga. Ukishika barabara kwenda kusini unatokea Mikumi, penye barabara kuu ya Iringa na hifadhi ya wanyama. Watu wazima wa hapa wamebeba mengi. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata reli. Ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji umeua watu katika wilaya hii zaidi ya mara moja, na mauaji ya Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni bado yanatajwa. Juu ya hayo kuna malaria, kichocho, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, na siku hizi presha na sukari.

Sasa chukua mama wa miaka arobaini na kitu anayefika kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Ni mfano tu, simsemi mtu, ingawa kila mhudumu wa zahanati anamjua.

“Unaumwa nini, mama?”

“Mwili tu, daktari. Sina nguvu kabisa. Usingizi hamna, chakula hakipiti. Kichwa kinawaka.”

Anapimwa malaria, hana. Anapimwa mkojo, anaambiwa kuna UTI kidogo. Anapimwa Widal, jibu linatoka taifodi, kwa kuwa kipimo hicho kina tabia ya kumwonyesha taifodi hata asiyekuwa nayo. Anaondoka na mfuko wa dawa. Wiki tatu baadaye amerudi na maneno yaleyale. Malaria, UTI na taifodi ndiyo majibu matatu ambayo huduma zetu zimeyazoea, na mtu anaweza kuzungushwa humo mwaka mzima bila yeyote kumwuliza kama bado anafurahia kitu chochote.

Hata hivyo mama huyo hakudanganya alipoutaja mwili. Hapo ndipo utafiti wa mchochota unapokuwa na la kusema.

Mwaka 1988 Benjamin Hart, daktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha California, aliandika makala ambayo mfugaji yeyote wa Kiparakuyo wa wilaya hii angeiona inaeleza jambo analolijua tangu utotoni. Mnyama anayeumwa hujitenga na kundi, hulala sana, huacha kula, huacha kujisafisha. Hoja ya Hart ilikuwa kwamba mnyama huyo hajashindwa. Mwili wake umeamua kuzuia matumizi yote mengine ili nguvu iende kwenye homa na vita dhidi ya vijidudu. Baadaye maabara zilionyesha kwamba panya akidungwa saitokini peke yake, pasipo kijidudu hata kimoja, hufanya vilevile. Yaani ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye kinga, na taarifa hiyo hubadilisha tabia. Linganisha na malalamiko ya yule mama: nguvu, usingizi, chakula.

Kwa binadamu ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwenye matibabu. Intaferoni ni saitokini ambayo kwa miaka mingi ilitumika kama dawa ya homa ya ini aina ya C na ya baadhi ya saratani za ngozi. Wagonjwa walioingia wodini wakiwa timamu walianza kulia, kukosa usingizi na kutaka kufa wiki chache baada ya sindano kuanza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi waligawanywa mafungu mawili kabla ya kuanza intaferoni: wengine walipewa paroksetini, dawa ya sonona, na wengine vidonge visivyo na dawa. Ndani ya wiki 12, asilimia 45 ya fungu la pili walipata sonona kamili, dhidi ya asilimia 11 ya waliokingwa. Wote walikuwa na saratani na wote walikuwa na hofu, kwa hiyo hofu peke yake haielezi tofauti hiyo. Kemikali ya mchochota iliingizwa mwilini, sonona ikafuata, na dawa ya sonona ikaizuia.

Hata kiasi kidogo hutosha. Uingereza, vijana wenye afya walipochanjwa taifodi, intaleukini-6 ilipanda na hali ya moyo ikashuka ndani ya saa chache, halafu wakarudi sawa. Na kati ya watoto wa eneo la Bristol waliopimwa damu wakiwa na miaka 9, wale ambao intaleukini-6 yao ilikuwa juu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona walipofika miaka 18. Huo ni ushahidi kwamba walau kwa baadhi ya watu mchochota hutangulia.

Kwa baadhi tu. Hapa ndipo makala nyingi za afya zinapoteleza. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti zenye wagonjwa wa sonona zaidi ya 13,000 ulikuta kwamba waliokuwa na CRP ya juu ya miligramu 3 ni asilimia 27. Ni wengi kuliko wasio na sonona, ndiyo. Lakini pia maana yake ni kwamba karibu robo tatu ya watu wenye sonona damu yao haina la kuonyesha kwenye kipimo hiki. Kisha kuna uzito wa mwili. Mafuta ya tumboni hayakai bure, nayo hutoa intaleukini-6, na watafiti wakizingatia unene uhusiano kati ya CRP na sonona hupungua sana. Pengine unene huleta vyote viwili, au sonona humfanya mtu aache kutembea na ale ovyo, na mchochota ukafuata nyuma. Yote mawili hutokea.

Kipi kinatangulia? Swali hilo limeulizwa Afrika Mashariki pia, na kwa watu wenye mzigo mkubwa zaidi. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1995, wanawake wajawazito wenye virusi vya Ukimwi waliingizwa katika utafiti wa vitamini wa Muhimbili na Harvard, wakafuatiliwa kwa miaka. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika. Matokeo kuhusu hali zao za moyo yalichapishwa mwaka 2007: zaidi ya nusu walionyesha dalili za sonona angalau mara moja, na waliokuwa nazo walikabiliwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao, hata baada ya kuzingatia hali ya ugonjwa. Ili kuyajua hayo ilibidi kwanza pawe na maswali yanayoeleweka. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walikuwa wamelipima dodoso la kigeni la Hopkins kwa wanawake wa Dar es Salaam ili kujua kama kweli linakamata sonona kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haisifiwi sana, lakini bila hiyo hakuna takwimu ya sonona nchini ninayoweza kuiamini.

Utafiti wa pili ulitoka Mbarara, Uganda, ukachapishwa mwaka 2014. Watafiti waliwafuatilia watu wenye virusi vya Ukimwi tangu walipoanza dawa, wakawapima dalili za sonona na wakapima pia triptofani kwenye damu. Triptofani ni kirutubisho tunachokipata kwenye chakula, kwenye maharage, karanga, mayai na samaki, na ndicho mwili unachokitumia kutengenezea serotonini, kemikali ambayo dawa nyingi za sonona huishughulikia. Mchochota ukiwaka, kimeng'enya fulani huamka na kuigeuza triptofani kuwa kitu kingine, kinurenini. Mbarara waliona kwamba dawa za virusi zilipofanya kazi na upotevu huo ukapungua, triptofani ilipanda na dalili za sonona zikapungua. Kwangu huu ndio utafiti wa eneo letu unaosogea karibu kabisa na swali la sura hii, maana hauishii kuonyesha vitu viwili vikienda pamoja. Unaonyesha njia ambayo kimoja hupitia kukifikia kingine, na kwamba ukiuzima moto wa ugonjwa wenyewe moyo nao hupata nafuu.

Turudi Magomeni na kipimo cha kidole. Tuseme mama yetu amepimwa CRP na imesoma 8. Ulaya mtafiti angesema tazama, sonona yenye mchochota. Kilosa mhudumu mwenye busara angekaa kimya kwanza. Inawezekana ana vimelea vichache vya malaria visivyompa homa. Inawezekana ni kichocho cha miaka, jino lililooza, kidonda cha mguu, kifua kikuu kinachoanza, ujauzito, au uzito wake mwenyewe. Na ikisoma 25, tafiti nyingi za Ulaya zingemwondoa kabisa kwenye hesabu, kwa kuwa wao huchukulia kwamba yeyote aliyepita 10 ana maambukizi ya ghafla. Wilaya yenye malaria ukitumia kanuni hiyo utabaki na watu wachache wa kuwachunguza.

Kinyume chake nacho kina mtego. Dodoso la sonona la PHQ-9, ambalo nalo limepimwa ubora wake kwa Kiswahili hapa Tanzania, lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwa kawaida 10 kwenda juu humfanya mhudumu achunguze zaidi. Lakini usingizi, uchovu na hamu ya chakula vimo humo. Mgonjwa wa kifua kikuu asiye na sonona anaweza kuokota alama 9 kwa maswali hayo matatu peke yake. Kwa hiyo ukimpima mtu mgonjwa CRP na PHQ-9 utakuta zinakwenda pamoja, wala hutakuwa umegundua chochote kipya: umeupima ugonjwa mmoja mara mbili. Maswali ya kutegemea zaidi ni yale ambayo malaria haiyajibu. Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Unajiona hufai? Umewahi kufikiri heri ungekufa?

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haumhusu mgonjwa tu. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichapisha jaribio la vijana 77 wa kiume wenye afya wa kaskazini mwa Tanzania. Wengine waliacha chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, wakala kwa wiki mbili vyakula vya kisasa vya viwandani. Wengine walifanya kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wiki mbili tu zilitosha kupandisha viashiria vya mchochota kwenye damu ya waliohamia vyakula vya kisasa, na kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, pamoja na wanywaji wa mbege, vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Hawakupima sonona, na asije mtu akasema nimeandika mbege ni dawa ya mawazo. Pombe ni pombe. Ninachokiona ni kwamba mchochota wa chinichini, ambao tulidhani ni wa nchi tajiri, unaingia kwetu kwa mlango wa chipsi na soda wakati ule wa zamani, wa vimelea, haujatoka.

Je, tuuzime mchochota kwa dawa? Imejaribiwa. Mwaka 2013, Atlanta, wagonjwa 60 wa sonona sugu waliingizwa katika jaribio la infliksimabu, dawa inayoifunga saitokini iitwayo TNF. Kwa jumla haikushinda maji ya chumvi. Waliokuwa na CRP ya zaidi ya miligramu 5 tu ndio walioelekea kupata nafuu, na wenye CRP ya chini walifanya vibaya kuliko waliopewa maji. Matokeo hayo yanavutia, ila kwa Kilosa hayana njia ya kupita, kwa sababu TNF ndiyo inayosaidia mwili kukifungia kifua kikuu kilicholala, na mwaka 2001 ilikwisharipotiwa jinsi kinavyofumuka kwa wanaotumia dawa hiyo. Aspirini nayo ilijaribiwa kwa zaidi ya wazee 19,000 wa Australia na Marekani, kidonge kidogo kila siku kwa karibu miaka mitano, wala haikuzuia sonona.

Nayataja majaribio hayo kwa sababu moja ya mtaani. Habari kwamba “sonona ni mchochota” ikifika kwenye simu za watu, kesho yake kuna atakayekwenda duka la dawa kuomba diklofenaki au prednisoloni azinywe kila siku. Diklofenaki hutoboa tumbo na huumiza figo. Prednisoloni yenyewe inaweza kumvuruga mtu akili. Hakuna kati ya hizo iliyothibitishwa kutibu sonona.

Zilizothibitishwa ni za kawaida kabisa. Amitriptilini na fluoksetini ni dawa za zamani, za bei nafuu, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tiba ya mazungumzo kwa vikundi ilijaribiwa vijijini Uganda, Masaka na Rakai, ikachapishwa mwaka 2003 na kuonyesha nafuu kubwa, ikiendeshwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi. Na mkoa wa Morogoro si mgeni wa jambo hili: pamoja na Kilimanjaro, ndio uliochaguliwa kuanzishia mpango wa taifa wa afya ya akili miaka ya 1980, wakati ambapo karibu kila kitu kilikuwa kikingoja hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Wazo la mpango ule, kwamba mhudumu wa zahanati ya kijijini anaweza kuutambua ugonjwa wa akili na kuutibu, lilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi leo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Uhusiano wa mchochota na sonona ni wa kweli, lakini kipimo cha CRP hakina kazi ya kutambua sonona, na usikubali kulipia kwa sababu hiyo. Mwenye maradhi ya muda mrefu, iwe ni virusi, kifua kikuu, baridi yabisi au sukari, aulizwe kuhusu moyo wake kila anapohudhuria kliniki. Mwenye sonona naye achunguzwe mwili kabla ya kuambiwa ana mawazo tu. Na wewe uliyetibiwa malaria mara tatu mwaka huu ilhali kipimo kinasema huna, ukirudi kituoni mwambie mhudumu kuhusu usingizi wako, na kuhusu mambo uliyoyapenda ambayo sasa huyajali, hata kama hajauliza. Ikiwa umefikia kuwaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mtu wa karibu leo hii, akupeleke hospitali.